Angostura: Nunua Hii Kabla ya Sheka

Anayetaka kuanza kuchanganya kokteli za zamani nyumbani kwa kawaida hukimbilia sheka, kile chombo cha chuma kinachong'aa cha kutikisia vinywaji. Hiyo ni pesa iliyotangulia pasipo pake. Old Fashioned haitikiswi. Manhattan haitikiswi. Pink Gin, kokteli ya shampeni na Horse's Neck hukorogwa tu au humiminwa moja kwa moja kwenye glasi. Zote, hata hivyo, zinadai kitu kimoja ambacho kabati nyingi za vinywaji hazina: bita, yaani pombe chungu ya mizizi na viungo inayotiwa kidogo kidogo. Siku utakayohitaji kutikisa, chupa ya jemu yenye kifuniko kinachobana itafanya kazi ile ile. Bita haina wa kuishikia nafasi jikoni.

Mwaka 1806 gazeti moja la mji wa Hudson, jimbo la New York, lilimjibu msomaji aliyeuliza kokteli ni kitu gani. Lilitaja vitu vinne: pombe kali, sukari, maji na bita. Vitatu vya kwanza havisumbui kuvipata. Cha nne, kwa wakazi wa Afrika Mashariki, mara nyingi humaanisha Angostura, kwa sababu ndiyo inayoonekana kwenye maduka makubwa ya vinywaji na baadhi ya supamaketi za mijini.

Ilianza mwaka 1824 kama dawa ya tumbo. Aliyeitengeneza ni Johann Gottlieb Benjamin Siegert, daktari Mjerumani aliyelihudumia jeshi la Simón Bolívar, mpigania uhuru wa Amerika Kusini, katika mji wa Angostura, Venezuela, ambao leo unaitwa Ciudad Bolívar. Baadaye familia yake ilihamishia biashara Trinidad, na huko ndiko inakotengenezwa hadi leo. Mchanganyiko wenyewe ni siri. Mzizi wa jentiana, unaoleta ule uchungu, umeandikwa kwenye lebo. Gome la mti uitwao angostura halimo. Kilevi chake ni asilimia 44.7, yaani kuzidi wiski nyingi, ila hakuna anayeijaza glasi. (Au karibu hakuna: kwenye kisiwa cha Washington, jimbo la Wisconsin, iko baa ambayo tangu enzi za marufuku ya pombe Marekani wageni hunywa toti nzima ya Angostura kama desturi.)

Kuhusu sura yake. Lebo ni kubwa kuliko chupa. Inapanda hadi shingoni, inajikunja, inaonekana kama imebandikwa kwa haraka na mtu aliyekosea vipimo. Mnunuzi mgeni hudhani ameuziwa feki. Ni kinyume chake: lebo ikikaa sawasawa na mabega ya chupa ndipo pa kutilia shaka. Husimuliwa kwamba ndugu wawili wa familia waligawana kazi, mmoja akashughulikia chupa na mwingine lebo, wakasahau kuulizana. Kizibo ni cha njano.

Ukitaka kuijua ladha, dondosha tone moja nyuma ya kiganja ulirambe. Mbele kuna karafuu na mdalasini, kisha unakuja uchungu mkavu wa mizizi unaokaa nyuma ya ulimi kwa muda mrefu. Peke yake haipendezi, na wala haikutengenezwa ili ipendeze peke yake. Kazi yake ni kukata utamu na kuifanya pombe, sukari na maji visikike kama kinywaji kimoja. Ni rahisi kuithibitisha: tengeneza Old Fashioned mbili zinazolingana, moja iwe na bita na nyingine isiwe nayo. Ile isiyo nayo ni wiski yenye sukari, basi.

Mapishi ya zamani hupima bita kwa mitikiso, na hapa ndipo wengi wanapoanguka. Mdomo wa chupa una kipande cha plastiki chenye tundu dogo. Ukiinamisha chupa taratibu yanatoka matone. Ukiipindua kabisa na kuitikisa mara moja kwa nguvu unapata kama mililita 0.8 hadi 1. Mapishi yakisema mitikiso 3 na wewe ukadondosha matone 3, kinywaji kitapooza na lawama zitaangukia wiski. Tikisa mara 6 ndani ya kijiko cha chai: kijiko kikikaribia kujaa, mkono wako uko sawa. Ujazo wa mtikiso hubadilika pia kadiri chupa inavyopungua, kwa hiyo ukichanganya bakuli zima la wageni kumi usitikise, pima kwa kijiko.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayoitetea bei. Chupa ya mililita 200 hutoa mitikiso kama 250. Kwa glasi zinazochukua mitikiso miwili, hizo ni glasi 125. Hakuna chupa nyingine kabatini inayofika huko.

Tuanze na Old Fashioned, maana ndiyo inayoonyesha ubora na udhaifu wa bita yoyote. Vipimo: wiski ya bourbon au rye mililita 60, kipande kimoja cha sukari cha gramu 4, mitikiso 3, maji mililita 5, ganda la chungwa. Weka sukari kwenye glasi fupi pana, ilowanishe kwa bita hadi iwe kahawia yote, ongeza maji, kisha saga kwa kitako cha kijiko mpaka usisikie tena chembe zikikwaruza chini ya glasi. Usiruke hatua hii. Sukari huyeyuka vibaya kwenye pombe kali. Ukitanguliza wiski, chembe zitalala chini, funda la kwanza litachoma na la mwisho litakuwa sharubati. Sukari ikishayeyuka tia nusu ya wiski na bonge moja kubwa la barafu, koroga mara kumi, malizia wiski, koroga tena sekunde 20.

Ganda la chungwa si pambo. Kata kipande cha sentimita 5 kwa 2, chembamba, kisichobeba ule utando mweupe wa ndani unaoacha uchungu ulimini. Kishike juu ya glasi, upande wa nje ukitazama kinywaji, kibinye kwa vidole viwili. Ukifanya hivyo karibu na taa utauona ukungu wa mafuta ukiruka. Huo ndio unaotakiwa: unatua juu ya wiski na kukutana na karafuu ya bita puani kabla hujaonja. Pangusa mdomo wa glasi kwa ganda hilo, kisha litumbukize. Machungwa ya Muheza yenye ganda la kijani yanafaa kabisa. Yaoshe tu vumbi la safari.

Asiyepata sukari ya vipande atumie shira: sukari gramu 200 na maji mililita 200, moto mdogo hadi iyeyuke, bila kuiacha ichemke ikawa nzito. Kiasi ni mililita 7 kwa glasi. Shira ya kaimati si hii. Ile ni nzito mno, na mara nyingi ina iliki, ambayo ikikutana na bita zinagombana.

Barafu nayo. Friza la nyumbani lenye samaki hutoa barafu yenye harufu ya samaki, na hakuna bita itakayoificha. Gandisha kwenye chombo chenye kifuniko, na vipande viwe vikubwa. Vidogo vina uso mwingi unaogusa kinywaji, vinayeyuka upesi, na kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa Old Fashioned ya vipande vidogo huwa maji kabla mazungumzo hayajakolea.

Manhattan ni wiski mililita 60, vermuti tamu nyekundu mililita 30 na mitikiso 2. Koroga na barafu sekunde 30, chuja kwenye glasi iliyopozwa. Ikiharibika, mara nyingi kosa ni la vermuti. Ile ni divai iliyoongezwa nguvu, na divai ikishafunguliwa inakufa. Ikae kwenye friji, imalizwe ndani ya miezi miwili. Ile ya tangu Krismasi, iliyosimama wazi kabatini karibu na jiko, ipikie nyama.

Kokteli ya shampeni ndiyo inayoleta shamrashamra kwa kazi ndogo kuliko zote. Kipande cha sukari kinalowanishwa na mitikiso 3, kinawekwa kwenye glasi nyembamba ndefu, brandi mililita 10 inafuata, kisha shampeni au divai nyingine ya mapovu, mililita 90, baridi sana. Divai iwe kavu, iliyoandikwa brut, kwa sababu sukari tayari iko ndani. Uso wa kipande cha sukari una mashimo madogo, na gesi hutokea hapo mfululizo. Ndiyo maana mstari wa mapovu hupanda kutoka chini muda wote. Ndiyo maana pia glasi hufurika ukimimina kwa pupa, au divai ikiwa vuguvugu. Inamisha glasi, mimina theluthi, ngoja povu litulie, endelea. Sukari ya unga isitumike hapa: hutoa gesi yote kwa mpigo, meza inalowa na divai inabaki bapa.

Pink Gin ni ya mabaharia wa jeshi la majini la Uingereza. Bita ilichukuliwa melini kama dawa ya kichefuchefu cha bahari, na jini ikasaidia kuimeza. Jini mililita 60, mitikiso 4, koroga na barafu, chuja. Hakuna sukari, kwa hiyo jini mbaya haina pa kujificha. Anayetumia Konyagi akumbuke kwamba ina asilimia 35 tu, na barafu inayoyeyuka huizimua upesi kuliko jini ya asilimia 40 na zaidi. Ipoze chupa kwenye friji kwanza, ukoroge sekunde 15 badala ya 30. Matokeo si Pink Gin ya kitabuni, lakini yananyweka. Toniki kidogo juu yake inasaidia.

Horse's Neck ndiyo iliyojichagulia kuishi Afrika Mashariki. Brandi mililita 45, soda ya tangawizi mililita 120, mitikiso 2, na ganda refu la limau lililomenywa kwa mzunguko mmoja, ncha ikining'inia nje ya glasi. Mapishi ya asili hutaka soda ya tangawizi iliyo laini. Stoney Tangawizi ni kali na tamu kuliko hiyo, kwa hiyo ongeza bita hadi mitikiso 3 au 4 na kamulia limau kidogo. Wako watakaosema imeharibika. Kwetu sisi imenoga zaidi, kwa kuwa tangawizi yenye makali husimama imara mbele ya karafuu ya bita, wakati ile laini humezwa.

Trinidad kwenyewe wana Queen's Park Swizzle, iliyopewa jina la hoteli ya Port of Spain. Hii inataka mikono. Weka majani 8 hadi 10 ya nanaa chini ya glasi ndefu, juu yake juisi ya ndimu mililita 25, shira mililita 15 na ramu mililita 60. Jaza barafu iliyopondwa: ifunge kwenye taulo safi, igonge kwa mchi. Kisha ingiza kijiti chenye vijino kwenye ncha na ukipekeche kati ya viganja, kwenda na kurudi, ukikipandisha na kukishusha. Ni mwendo ule ule wa kupekecha moto. Usiyasage majani. Nanaa iliyosagwa hutoa ladha ya nyasi, iliyopekechwa hutoa harufu tu. Glasi ikitoa ukungu mweupe kwa nje, acha, ongeza barafu hadi ifanye kichuguu, na umwagie mitikiso 5 juu. Bita inashikwa na barafu na kubaki utepe mwekundu unaoshuka polepole kadiri mtu anavyokunywa. Kijiti chenyewe Karibiani hukatwa kutoka mti maalumu wenye vitawi vya mzunguko. Nyumbani mshikio mwembamba wa mwiko unatosha.

Kwa wageni wengi, usijaribu kutengeneza glasi moja moja, utaikosa sherehe yako mwenyewe. Tengeneza panchi. Kanuni ya zamani ya Karibiani ni moja ya uchachu, mbili za utamu, tatu za ukali, nne za upole. Ikifuatwa kama ilivyo, utamu unazidi kwa midomo ya leo, hivyo punguza: juisi ya ndimu mililita 200 (ndimu kumi hadi kumi na mbili kutegemea ukubwa), shira mililita 300, ramu nyeusi mililita 600, na mililita 800 za chai ya rangi iliyopoa kabisa. Chai iloweshwe dakika 4, isizidi. Ikikaa zaidi ukakasi wake utaungana na uchungu wa bita na bakuli zima litakausha kinywa. Bita ni vijiko 2 vya chai. Changanya saa mbili kabla, weka kwenye friji. Kungumanga ya Zanzibar ikwaruzwe juu dakika ya mwisho, mbele ya wageni, kwa sababu harufu yake haidumu.

Barafu ya panchi iwe bonge moja. Gandisha lita moja ya maji kwenye bakuli usiku kucha, litoe kwa kulimwagia maji ya bomba upande wa chini. Bonge hupoza saa mbili bila kuzimua sana. Vipande vidogo huigeuza panchi kuwa maji ya ndimu katika nusu saa. Onjeni kabla ya kuongeza bita nyingine: kwenye baridi uchungu huchelewa kusikika, na ukiongeza kwa haraka hakuna njia ya kuirudisha. Na mwenyeji ajue anachogawa. Hapo kuna lita 1.9, na bila barafu ina kilevi cha asilimia 12 hadi 13, sawa na divai, lakini inateremka kama juisi. Glasi ziwe ndogo.

Chupa hii inaingia pia kwenye vitafunio, jambo ambalo wenye baa za nyumbani husahau. Balungi la kuoka lilikuwa kianzio cha heshima kwenye karamu za Marekani za miaka ya 1950: kata balungi nusu, tenganisha vyumba kwa kisu kidogo, nyunyiza kijiko kimoja cha mezani cha sukari ya kahawia na mitikiso 3, weka chini ya moto wa juu wa oveni dakika 5 hadi sukari itoe mapovu. Likikaa zaidi juisi inachemka na uchungu wa ganda unaingia ndani.

Korosho ni tamu zaidi. Chukua korosho nyeupe za Mtwara zisizokaangwa, gramu 500. Yeyusha siagi gramu 40, tia sosi ya Worcestershire vijiko 2 vya mezani, bita vijiko 2 vya chai, chumvi nusu kijiko, pilipili ya unga kiasi. Pakaza, tandaza safu moja kwenye trei, oka nyuzi 150 kwa dakika 25, ukigeuza kila dakika 8. Zitatoka zikiwa laini bado. Zinakauka zikipoa, kwa hiyo usizirudishe ovenini ukidhani hazijaiva. Ukitumia zilizokwisha kukaangwa dukani zitaungua kabla siagi haijashika.

Sasa jambo la adabu. Huko Namibia, Zimbabwe na Afrika Kusini kuna kinywaji kiitwacho rock shandy: nusu soda ya limau, nusu maji ya gesi, na Angostura juu. Ni kitamu, hukata kiu, na mara nyingi hupewa asiyekunywa pombe. Lakini mitikiso 5 kwenye glasi ya mililita 300 huleta kilevi cha karibu asilimia 0.6. Ni kidogo, ila si sifuri. Mgeni Muislamu, mjamzito au aliyeacha pombe kwa ushauri wa daktari ana haki ya kuambiwa kabla hajainua glasi, na hali kadhalika kwa panchi, balungi na zile korosho. Mpe toniki yenye barafu, ndimu na ganda la chungwa lililobinywa. Uchungu wake unatokana na kwinini, na glasi yake haitaonekana ya kujitenga mezani.

Kasoro za bidhaa hii zipo. Ile plastiki ya mdomoni huziba: bita ina sukari, na ikikauka kwenye tundu mtikiso unakuwa nusu bila wewe kujua. Ifute kwa kitambaa cha maji moto kila baada ya sherehe. Rangi yake hushika kitambaa cheupe. Iliyomwagika ioshwe hapo hapo kwa maji baridi na sabuni. Lebo ile ndefu hulowa na kuchakaa mapema. Na bita moja haifungui milango yote: kokteli ya Sazerac inataka bita ya Peychaud's, ambayo ni nyepesi na ina harufu ya anisi, na Martini ya mtindo wa zamani inataka bita ya chungwa. Kampuni hii hii ya Angostura inatengeneza ya chungwa pia, kizibo chake ni cha rangi ya chungwa. Usichukue hiyo kwa kudhani ni ile ile.

Wapo wanaoloweka karafuu na mdalasini kwenye pombe kali wakitarajia kupata bita ya bure. Wanapata harufu bila uchungu, kwa kuwa jentiana haimo. Kuongeza mwarobaini kunaleta uchungu kweli, lakini ni ule wa kumfanya mgeni aulize anatibiwa nini.

Nunua chupa ya mililita 200 ikiwa ipo. Ile ya 118 inatosha kujifunzia, ila panchi moja na trei moja ya korosho zinakula mililita 20 kwa siku. Haihitaji friji, hudumu miaka ikiwa imefungwa vizuri mbali na jua, na kabla ya kulipa hakikisha utepe wa kizibo haujakatwa.